Kutoka Bagamoyo hadi Lamu kwa Kijiko Kidogo

Baba alifundisha historia Dodoma kwa muda wote wa utumishi wake. Watoto ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuiona bahari walizipata kinywani mwake habari za misafara ya pembe na watumwa, za Bushiri aliyewakatalia Wajerumani, za Wareno na ngome yao ya Mombasa. Yeye mwenyewe pwani aliijua Dar es Salaam tu, tena kwa ajili ya semina na kusahihisha mitihani. Miji mingine aliiweka akiba ya uzee. Alipostaafu, kikaja kiharusi. Kilimwachia akili timamu na mguu wa kushoto mzito kidogo, lakini kilimharibia kumeza.

Asiyeishi na mgonjwa wa namna hii hudhani kwamba taabu iko kwenye vyakula vigumu peke yake, na kwamba supu nyepesi ndiyo suluhisho. Kwa Baba mambo ni kinyume. Maji matupu ndiyo yanayompalia upesi kuliko kitu kingine, kwa sababu hukimbia kabla koo halijawahi kujifunga, yakaingia njia ya hewa, na kinachoingia huko mara kwa mara huweza kuleta nimonia. Nyama ya kutafuna haiwezi. Wali mkavu, wa punje kuachana, humtawanyikia mdomoni. Kibaya zaidi ni chakula chenye maji na vipande kwa pamoja, maana koo halijui likipokee vipi. Kinachomfaa ni kitu laini, kizito, chenye unyevu, kinachoshikana. Mtaalamu wa umezaji aliyemhudumia hospitalini alitupa masharti machache ambayo sasa nyumba nzima inayajua: akae wima, atumie kijiko kidogo, asisemeshwe akiwa na chakula mdomoni, na akishakula asilale kwa nusu saa.

Nilipopanga kumpeleka kwenye miji hiyo, wapo ndugu walioona bora abaki nyumbani. Atakula nini huko njiani? Waliuliza kwa upendo, na swali lao lilikuwa la haki. Ninaandika kwa sababu jibu nimelipata, na wapishi wa pwani wamekuwa nalo siku zote.

Bagamoyo

Tulianzia Kaole, kusini mwa mji, kwenye msikiti wa karne ya 13 uliojengwa kwa mawe ya matumbawe. Kuta zimebaki nusu, na mibuyu imesimama kando. Baba alitembea polepole mpaka kwenye makaburi yenye nguzo, akapapasa vishimo ambavyo zamani vilipachikwa bakuli za kaure kutoka China. Alikuwa ameichora nguzo hiyo ubaoni kwa chaki mara nyingi, na sasa mkono wake ulikuwa juu yake.

Misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, ina mnara wa kanisa la kwanza ambamo maiti ya David Livingstone ililazwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Wageni wengi huondoka hapo na jina la Livingstone. Baba hutaka waondoke na majina ya Chuma na Susi, walioibeba maiti ile na wenzao kutoka Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, kwa miguu, miezi mingi, na jina la Halima, mpishi wa Livingstone, aliyekuwa miongoni mwa watu wake. Alilitaja la Halima mara mbili. Alisema msafara wowote unaofika, basi kuna mtu aliyekuwa akipika.

Jioni tulipita soko la samaki, karibu na forodha ya Wajerumani. Makarai ya mafuta yanachemka, pweza na dagaa na changu wanakaangwa mpaka wakauke, watu wanakula wima huku wakitema miiba mchangani. Baba alisimama hapo muda mrefu akinusa. Hakuna hata kimoja ambacho angeweza kukila.

Hotelini nilieleza hali yake. Mpishi, kwa nia njema kabisa, aliweka ugali, nyama na mchicha kwenye blenda, akasaga vyote kwa pamoja na kutuletea bakuli la uji wa rangi ya udongo. Koo la Baba lingeupokea bila shida. Baba alilisogeza bakuli pembeni kwa mgongo wa mkono. “Nataka nione ninachokula,” alisema. Nilirudi jikoni nikaomba kila kitu kipondwe peke yake: mchicha kijani mahali pake, kiazi mahali pake, mchuzi juu. Sahani ilipokuja ikiwa na rangi zake, alikula yote. Tangu hapo sikukubali tena chakula cha kuchanganywa, na namsihi kila mwenye mzazi kama wangu asikikubali.

Pangani

Barabara ya Saadani hupita kwenye hifadhi inayofika mpaka baharini, kisha huingia kwenye mashamba ya minazi yasiyo na mwisho. Bweni tulivuka mto kwa pantoni. Maji yale yanatoka Kilimanjaro na Meru, na yanapofika hapa yamekuwa ya rangi ya chai ya maziwa, mapana, yasiyo na haraka. Ng'ambo umekaa mji wa Pangani na maghala yake ya zamani.

Hapa Baba alikuwa na ahadi na mtu mmoja. Mwaka 1888 Bushiri bin Salim al-Harthi aliwaongoza watu wa pwani kuipinga Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imechukua forodha kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar. Tarehe 15 Desemba 1889 alinyongwa katika mji huu. Baba alikaa kwenye ukuta mfupi ukingoni mwa mto na kunisimulia yote tena, maneno yakitoka polepole kama yanavyotoka siku hizi, nami nikamsikiliza kama nilivyomsikiliza darasa la sita.

Mchana tulikula kwa mama lishe mmoja chini ya mwembe, si mbali na kivuko. Alikuwa na nguru wa nazi, ugali, na mchicha. Nilipoanza maelezo yangu alinisikiliza, kisha akamgeukia mwenye shida.

“Shikamoo, baba. Pilipili unakula?”

“Marahaba. Kidogo tu.”

“Na ugali nikusongee mwingine, mlaini?”

Ilikuwa mara ya kwanza safarini mtu wa jikoni kumuuliza yeye badala ya kuniuliza mimi, na mgongo wa Baba ulinyooka. Mama yule alinawa, akakaa kwenye kigoda akiwa na kipande cha nguru kwenye sahani ya bati. Alikigawa kwa kufuata mistari yake ya asili, akakifinya kila kitonge kati ya kidole gumba na viwili vinavyofuata, taratibu, akisikilizia miiba kwa ngozi. Kilichokuwa safi alikiweka upande wa kulia. Alipomaliza alipitisha vidole mara ya pili, akapata mwiba mmoja mwembamba na kunionyesha bila kusema kitu. Kisha akaponda samaki kwa tui zito la sufuria, akachagua majani ya mchicha yasiyo na mabua, na ugali akausonga upya, mlaini wa kuloweka mchuzi. Wateja wengine walisubiri. Hakuna aliyenung'unika.

Tanga

Tanga ni mji wa kukaa, na Baba aliupenda kuliko yote. Asubuhi tulikaa katika bustani ya Jamhuri tukiitazama bandari. Reli ilianza kujengwa kutoka hapa mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Novemba 1914 majeshi ya Waingereza, wengi wao askari kutoka India, walishuka hapa na kurudishwa baharini na jeshi dogo la Wajerumani na askari wao Waafrika. Katikati ya mapigano makundi ya nyuki yalichokozwa na risasi, yakaanza kuwauma watu. Kisa hicho ndicho kilichokuwa kikiwaamsha wanafunzi wake mchana wa jua kali, na Baba alikisimulia tena kwa mpiga picha wa bustanini, ambaye alikijua tayari na akamwongezea.

Mapango ya Amboni tuliyaona mlangoni tu, kwa sababu ndani kunahitaji kuinama na mguu wake haukuruhusu. Badala yake tulikwenda upande wa Machui, karibu na Vibambani alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Baba alivua kofia.

Ngamiani, ambako mitaa huitwa kwa namba, tuliingia mgahawa mdogo wenye meza nne. Vilivyoandikwa ukutani vilikuwa pilau, wali, chapati, maharage, samaki wa kukaanga. Nilivipitia vyote na kuvikataa moyoni kimoja baada ya kingine. Mwenye mgahawa, mwanamke wa makamo, alikuwa ameshamtazama Baba.

“Mwanangu, mzee ana matatizo ya kumeza?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi mseto upo. Ila ule si wa biashara, nampikia mama yangu.”

Kauli hiyo ndiyo iliyonifungua macho. Kumbe nyuma ya jiko la biashara kulikuwa na sufuria nyingine, na chakula nilichokuwa nikikitafuta kilikuwa humo muda wote. Alinionyesha. Mchele na choroko zilizoondolewa maganda vilipikwa kwanza kwa tui la pili, lile jepesi, mpaka punje zikapasuka. Kisha akaongeza tui la kwanza na chumvi, moto ukapunguzwa, na mwiko ukazunguka mpaka mchele na choroko vikapotezana. Juu yake alimimina mchuzi mzito wa papa mbichi, ambaye hana miiba midogo ya kuviziana na mtu. Harufu ya nazi na bizari ilijaa chumba.

Bibi mwenyewe, aliyekuwa akipikiwa, alitolewa ndani kwa kushikwa mkono, akaketishwa meza moja na Baba. Walikula sahani zinazofanana. Hawakuzungumza mpaka walipomaliza, kisha Baba akauliza kama anakumbuka enzi ya mkonge, naye akasema wazi kwamba anaikumbuka, na bei zake anazikumbuka. Tuliondoka alasiri.

Tangu siku hiyo niliacha kuuliza hotelini, “Mna chakula laini?” Swali hilo humfanya mpishi afikirie wagonjwa, na mkono wake huenda moja kwa moja kwenye uji mweupe usio na chumvi au kwenye blenda. Niliuliza, “Mzee wenu nyumbani mnampikia nini?” Kila nilipouliza hivyo, jiko lilifunguka.

Mombasa

Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Baba aliingia lango lake akiwa amenishika bega. Alitaka kusimama mahali ambapo waliozingirwa kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698 walikuwa wakitazama bahari wakingoja merikebu za msaada, huku Waomani wakiwa nje. Njaa na maradhi viliua wengi kuliko mizinga. Alikaa juu ya ukuta akapiga hesabu ya miezi kwa vidole, ikafika 33. Ngome iliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, na imetunzwa vizuri, ingawa ngazi zake si rafiki wa mguu mzito.

Mji wa Kale ni mahali pa kutembea bila mpango. Milango ya kuchongwa, roshani za mbao, msikiti wa Mandhry wa mwaka 1570 na mnara wake mweupe, harufu ya buni na udi. Na vyakula! Biriani, mahamri, viazi vya karai, mishikaki, kachiri. Kwa mtu kama Baba mitaa ile ni mtihani, kwa sababu karibu kila kinachouzwa barazani ni cha kukauka au kutafuna.

Mzee mmoja muuza kahawa ndiye aliyetuelekeza kwa mpishi wa bokoboko, akatuambia tuagize leo tule kesho. Alikuwa na haki. Ngano nzima hulowekwa usiku kucha, kisha huchemshwa na nyama ya mbuzi au kuku kwa saa nyingi juu ya moto mdogo, halafu hupondwa kwa mwiko bila huruma mpaka nyama iachie nyuzi zake zote na ngano isijulikane. Huko Omani na kote katika ghuba chakula hiki huitwa harees, na mabaharia wa jahazi waliokuwa wakija na msimu wa kaskazi walikikuta kikiwangoja pwani hii.

Sahani ilipofika nilifanya jaribio tulilofundishwa hospitalini. Unalaza uma juu ya chakula, unabonyeza kwa kidole gumba mpaka ukucha ugeuke mweupe, kisha unainua. Kikipondeka na kisirudi kilivyokuwa, ni laini ya kutosha. Bokoboko lilibaki na mistari ya uma. Nilizungusha kijiko nikitafuta uzi wa nyama, sikuupata. Kwa kuwa linanata, tuliomba samli ya moto zaidi ili lilainike na kuteleza, na sukari pembeni kama wengine wanavyopenda.

“Yuwala nyama sasa,” alisema yule mpishi akimtazama Baba, uso wake wote ukicheka.

Ilikuwa kweli. Ladha ya nyama ya mbuzi, ya mafuta na moshi, Baba hakuwa ameipata tangu augue. Alikula kwa karibu saa nzima. Mhudumu alikuja kuondoa vyombo akarudi nyuma alipoona kijiko bado kinakwenda, na hilo nalo ni adabu ambayo migahawa mingi haina. Mtu wa kijiko kidogo akiona meza inafutwa, huharakisha, na haraka ndiyo inayompalia.

Lamu

Kutoka Mokowe ni mwendo mfupi wa mashua, kisha mji unajitokeza wote kwa pamoja, mweupe, umeinamia maji. Lamu imekuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001. Magari hayapiti katika vichochoro vyake. Punda ndio wanaobeba mchanga, matofali, mikungu ya ndizi, na siku ile walimbeba mwalimu wa historia kutoka Dodoma, kijana mmoja akiwa ameshika hatamu na mwingine akimwegemeza.

Tuliiona ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1813 na kumalizika mwaka 1821, tukakaa kivulini uwanjani mbele yake. Wazee wa Lamu hukaa hapo kila alasiri, nao walimpokea Baba kwa salamu ndefu, wakimuuliza habari za bara, za mvua, za mtama. Alikuwa ameogopa kwamba usemi wake wa taratibu ungewachosha. Lakini mji wote unakwenda kwa mwendo huo.

Nyumba tuliyofikia ina daka mlangoni, vidaka vya plasta ukutani na ua wazi katikati. Mama mwenye nyumba nilimuuliza swali langu la Tanga. Alijibu bila kufikiri: “Mashendea.” Ni wali uliopikwa kwa maji na tui jingi mpaka ukawa rojo. Kwa mchuzi alitumia samaki aliyechambuliwa, nyanya iliyochujwa maganda, na ndimu. Na badala ya maji ya kunywa alimletea Baba embe lililosagwa zito, la kula kwa kijiko, lisilo na nyuzi, kwa sababu alichagua embe za aina hiyo tangu sokoni. Nyama ya dafu, ile changa inayokwanguliwa kwenye kifuu, aliiponda pia. Yale maji ya dafu alituachia sisi.

Usiku ule chakula kiliwekwa kwenye sinia moja juu ya mkeka, na kwa ajili ya Baba wakaweka kiti kirefu na meza ndogo palepale kando ya sinia, ili akae wima bila kutengwa. Wote walikula mashendea yaleyale. Watoto waliyafurahia kuliko wakubwa. Baada ya kula hakuna aliyenyanyuka, na nusu saa ambayo nyumbani huwa ni ya kumlinda Baba asilale ilipita kwa yeye kuulizwa na watoto habari za nyuki wa Tanga.

Ndugu msomaji mwenye mzazi wa namna hii, msafirishe. Mpigie simu mpishi siku moja kabla, kwa sababu bokoboko na mseto havipikwi kwa dakika kumi. Beba uma na kijiko kidogo mfukoni. Omba mchuzi mzito uwe pembeni, na maji mepesi umwulize mtaalamu wako kwanza, kwa kuwa makoo hayafanani. Nanyi wenye migahawa, kuanzia Dar es Salaam hadi Lamu: ile sufuria mnayowapikia mama zenu nyuma, ileteni mbele. Iandikeni ukutani pamoja na pilau, na bei yake. Wateja wapo, wamebaki nyumbani wakiambiwa hawatapata cha kula.